Kisa cha ukurasa mmoja, na mbuzi aliyetolewa ndani yake

Hadithi yenyewe ilikuwa na maneno mia tatu na kumi tu. Binti yetu, aliye kidato cha tatu, aliiandika kwa siku mbili katika daftari la mistari, kisha akaisoma barazani mbele ya wenzake baada ya darasa la Jumamosi. Alipomaliza, wenzake walinyamaza kwa muda, jambo ambalo kwa watoto wa umri ule si dogo. Sisi wazazi tulifurahi mno. Hadithi ilimhusu mama mmoja muuza dagaa wa hapa Chato, ambaye mwanawe aliondoka usiku kwenda kwenye maduara ya dhahabu, na kabla ya kuondoka alimfungua mbuzi wa mama yake aliyekuwa akitunzwa kwa ajili ya Idi, akamuuza ili apate nauli na mabuti.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, jirani yetu mmoja alibisha hodi. Tulimkaribisha kiti, hakuketi. Mtoto mmoja kati ya wale wa barazani alikuwa amemsimulia hadithi yote. Hakupandisha sauti. Alimtazama binti yetu, kisha akatutazama sisi, akauliza swali moja tu: "Yule mbuzi mmemwandika wa nini?"

Kwa miaka miwili mama huyu alikuwa amewaambia watu kwamba mbuzi wake alichukuliwa na fisi. Ukweli alitwambia sisi peke yetu, usiku mmoja wa Ramadhani, akitokwa na machozi, na sisi tukauzungumza wakati wa daku tukidhani watoto wamesinzia. Binti yetu hakuiba siri ya mtu. Sisi ndio tuliomwaga amana mkekani, naye akaiokota akaifanya hadithi.

Makala haya tunayaandika kwa idhini ya jirani yetu huyo. Hata hivyo mnyama tumembadilisha, na msomaji wa Chato asijichoshe kutafuta ni mtaa gani.

Tumeona tuyaandike kwa sababu tunajua nyumba nyingi za Waislamu hivi sasa zina kijana anayeandika. Wengine huandika katika simu, wengine nyuma ya madaftari ya hesabu. Mzazi akigundua, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili: humkataza kwa kuwa ni upuuzi, au humsifu bila kusoma alichokiandika. Sisi tulikuwa katika kundi la pili, na tumeona gharama yake.

Aina ya hadithi wanayoipenda vijana hawa ni ile fupi kupita hadithi fupi tuliyoizoea shuleni. Ni kisa cha ukurasa mmoja, pengine nusu ukurasa. Wengi huweka kikomo cha maneno elfu moja, na wapo wasioruhusu kupita mia tatu. Waarabu huiita *qissa qasira jiddan*, yaani hadithi fupi sana, na miongoni mwa mabingwa wake ni Zakaria Tamer, aliyezaliwa Damascus mwaka 1931, akaacha shule akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu na kufanya kazi ya uhunzi. Tuliwaeleza vijana habari hiyo kwa makusudi, kwa kuwa mmoja wao hushinda kwenye karakana ya kuchomelea mageti na alikuwa akidhani uandishi ni wa waliosoma hadi chuo kikuu. Alituuliza: "Ustadhi, mhunzi kabisa?" Tukamjibu: mhunzi kabisa.

Mwingine ni Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 kwa riwaya zake ndefu. Mwezi Oktoba 1994, akiwa na miaka themanini na miwili, alichomwa kisu shingoni karibu na nyumbani kwake mjini Cairo. Alinusurika, lakini mkono wake wa kulia uliharibika. Mzee aliyeandika mamia ya kurasa akalazimika kujifunza upya kushika kalamu, akaweza kuandika kidogo kidogo tu kwa siku. Hapo ndipo alipoandika vipande vifupi vya ndoto zake za wakati wa kupata nafuu, aya moja moja, na vikawa vinatoka katika jarida la wanawake la Cairo liitwalo Nisf al-Dunya. Mara nyingi tumeitafakari habari hii. Ufupi ule haukuwa mtindo wa kujipamba. Ulikuwa kipimo cha nguvu iliyobaki, na mzee hakukubali nguvu hiyo ipotee bure.

Wala si lazima tuvuke bahari kuutafuta ufupi wa namna hii. Mtoto wa Kiislamu aliyelelewa na madrasa amekwisha kuusikia. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa habari ya mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu kali. Akakuta kisima, akashuka, akanywa, akatoka. Nje akamwona mbwa anahema na kula udongo mbichi kwa kiu. Akasema moyoni kwamba mnyama huyu amefikwa na kile kilichomfika yeye. Akashuka tena, akakijaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda, akamnywesha mbwa. Mwenyezi Mungu akaikubali amali yake na akamsamehe.

Hii si hadithi ya kubuni, na wala hatuiweki katika kundi hilo; ni mafundisho ya Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ambaye alijaaliwa maneno machache yenye maana nyingi. Tunaitaja ili kijana aone namna habari inavyoweza kusimuliwa. Hatuelezwi jina la mtu yule. Hatuelezwi mji wake, wala kama alikuwa na mke, wala kiatu kilikuwa cha rangi gani. Lakini tumeelezwa kwamba alikishika kwa meno. Kwa nini? Kwa sababu mikono miwili ilihitajika kupandia. Neno hilo moja linatuonesha kina cha kisima, taabu ya mtu na huruma yake, bila yeyote kutuambia kwamba alikuwa na huruma. Vijana wetu walikaa na kiatu hicho Jumamosi nzima, na hatukuona haja ya somo jingine.

Hapa ndipo mzee mmoja wa msikitini alipotuhoji, tena kwa haki. Alisema: je, kubuni si kusema uongo? Na hamjasikia karipio kwa anayesema uongo ili awachekeshe watu? Tulimjibu kwa adabu kwamba tumelisikia, na kwamba wanazuoni wamelijadili jambo hili tangu zamani. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga maqama hamsini kuhusu mjanja wa kubuni aitwaye Abu Zayd, na katika utangulizi wake alijitetea dhidi ya swali hili hili, akikumbusha kwamba watu wamekuwa wakifundishana kwa visa vya wanyama wanaosema na hakuna aliyedanganyika. Kitabu chake kikasomeshwa karne kwa karne katika vyuo vya Kiislamu. Msomaji anayejua kwamba anasoma kisa cha kubuni hajadanganywa, na kisa chenye lengo jema kina nafasi yake; hivyo ndivyo tunavyoelewa sisi. Mwenye shaka amuulize shehe wake. Mzee wetu hakukubali wala hakukataa. Alisema: "Basi waandikeni wanyama." Kwa yaliyotokea baadaye, nusu yake alikuwa sahihi.

Maana hatari tuliyokutana nayo haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya ukweli.

Chato ni mji ambao watu hujuana kwa sauti za kikohozi. Mwaloni wanajuana, sokoni wanajuana, na hata aliyekwenda Geita kwenye karasha hurudi na kukuta habari zake zimefika kabla yake. Riwaya ya kurasa mia tatu inaweza kumficha mtu: unampa shangazi asiye wake, unamhamishia Tanga, unamzidishia watoto. Katika maneno mia tatu hakuna mahali pa kumficha. Unabakiwa na jambo moja tu, na mara nyingi jambo hilo moja ndilo mtaa mzima unalolijua au, vibaya zaidi, ndilo usilolijua.

Mtume (s.a.w) alipoulizwa kuhusu kusengenya alieleza kwamba ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia. Akaulizwa: na kama analo kweli? Akajibu kwamba kama analo, umemsengenya; na kama hana, umemzulia. Tuliisoma hadithi hii na vijana wiki ile ile, na tunakiri kwamba tuliisoma kwa uso wa aibu. Mwandishi wa kawaida akishutumiwa hujitetea kwa kusema, "Lakini ni kweli." Kwetu sisi utetezi huo ndio ungamo lenyewe.

Binti yetu alitaka kuichana karatasi. Mama yake akamzuia. Alimwambia: "Usiichane, mwanangu. Mtoe mbuzi, halafu uone kinachobaki." Tunasema kweli, wakati huo hatukuwa na nadharia yoyote ya uandishi. Tulitaka tu jirani aondokewe na fedheha.

Kumtoa mbuzi kulichukua wiki tatu. Mwanzoni hadithi ilianguka kama nyumba iliyotolewa nguzo, kwa kuwa wizi ndio uliokuwa ukiisimamisha. Binti akaweka baiskeli badala ya mbuzi; ikawa wizi ule ule wenye magurudumu. Akaweka deni. Akaweka ugomvi, na ugomvi ukaleta mazungumzo, na mazungumzo yakala maneno. Kijana mmoja mvuvi wa dagaa, ambaye huja barazani wakati wa mbalamwezi tu, maana giza la mwezi likiingia huwa yuko ziwani na taa zake, alimwuliza: "Dada, yule mama kila siku anafanya nini?" Swali hilo lilikuwa ufunguo. Binti alikuwa amefikiri sana juu ya alichofanya mwana, na hakuwa amejiuliza anachofanya mama.

Toleo la mwisho ni hili. Anaturuhusu tuliweke hapa:

*Kandambili*

*Asubuhi ile ya kwanza Mama alizikuta kizingitini zimeelekea nje, kama zinavyoachwa na mtu aliyevaa mabuti yake na kuondoka. Akainama, akazigeuza zikaelekea ndani. Kisha akabeba beseni, akaenda mwaloni kununua dagaa.*

*Jioni watoto wa jirani hucheza hapo, kandambili zikatawanyika. Asubuhi huzikusanya, akazigeuza.*

*Ramadhani ya kwanza, mkanda wa kushoto ulikatika. Akaushona kwa uzi wa nyavu.*

*Ramadhani ya pili, mgeni mmoja alitaka kuzivaa aende chooni. Mama alimpa za kwake, yeye akabaki pekupeku hadi mgeni alipoondoka.*

*Ramadhani ya tatu, usiku wa ishirini na saba, alikuwa katika sujudi aliposikia nyayo uani. Nyayo zikafika kizingitini, zikasimama. Hakuinuka. Alimaliza sujudi yake, akaketi, akasoma tahiyatu neno kwa neno, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Ndipo alipofungua mlango.*

*Hapakuwa na mtu. Kandambili hazikuwapo.*

*Mahali pake palikuwa na mabuti yenye udongo mwekundu hadi kifundoni, yameelekea ndani. Na nyuma ya nyumba, kwenye giza, mtu alikuwa akijimiminia maji kutoka kwenye birika.*

Msomaji ataona kwamba hakuna tena wizi, wala Geita haikutajwa, wala neno dhahabu. Udongo mwekundu unatosha kwa anayeyajua maduara, na asiyeyajua ataona tu kwamba mtu ametoka mbali. Binti alitaka kuongeza mstari mmoja mwishoni, wa Mama kulia kwa furaha. Wenzake walikataa, nasi tuliwaunga mkono. Anayetawadha usiku wa ishirini na saba amekwisha kusema neno lake.

Kutokana na wiki zile tatu vijana waliandika kanuni zao ukutani, na baadhi yake zinaweza kumsaidia mwandishi chipukizi popote alipo. Anza pale jambo lilipokwisha kuanza. Aya ya kwanza ya rasimu karibu daima ni ya kujipasha moto, ikate. Wakati mmoja, mahali pamoja, au kitu kimoja kinachojirudia. Watu wasizidi watatu. Hesabu maneno kwa kalamu, kumi kumi, maana hesabu ya simu haikufanyi uone aibu ya neno lisilo na kazi. Soma kwa sauti mbele ya mtu asiyekupenda sana. Na kanuni moja waliyoiweka juu ya zote: kabla ya kumpa mtu wa nje, jiulize ni nani katika mtaa atakayejiona, na kama angekuwa amesimama mlangoni, ungeisoma?

Sasa tuzungumzie kuchapishwa, maana kila kijana huuliza hilo kabla hata hajamaliza rasimu.

Njia ya kwanza na ya karibu zaidi bado ni gazeti. Hilo si jambo geni katika Kiswahili. Mambo Leo, jarida la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi na visa vya wasomaji wa kawaida, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliopeleka mashairi yao huko kabla jina lake halijawa jina la mitaa na shule. Kisa cha maneno mia tatu kina bahati katika gazeti: kinaenea pale ambapo tangazo limeondolewa. Mhariri hahitaji kusubiri nafasi ya kurasa nne. Lakini mhariri huyo huyo hatakuwa na muda wa kukusahihishia. Kiandike kikiwa safi, kichapwe steshenari au katika simu kwa mistari iliyoachana, juu kiwe na jina lako, umri wako kama u mwanafunzi, namba ya simu ya mzazi na idadi ya maneno. Barua ya kusindikiza isizidi sentensi nne. Usieleze hadithi inamaanisha nini. Ikihitaji maelezo, bado haijaisha. Usipeleke kisa kimoja kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja. Ukipita muda wa miezi miwili au mitatu bila jibu, uliza mara moja kwa upole, kisha jihesabu u huru kukipeleka kwingine.

Njia ya pili ni tuzo, na hapa lazima tuseme ukweli usiopendeza. Tuzo kubwa za Kiswahili hazikutengenezwa kwa ajili ya kisa cha ukurasa mmoja. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikajulikana kama Safal-Cornell, hushindanisha miswada mizima. Ndiyo iliyompa Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa Pemba, ushindi wa ushairi wa mwaka 2015 kwa diwani yake N'na Kwetu, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na hadithi za watoto zikaongezwa baadaye. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili bila ada yoyote, lakini hutaka maneno kati ya 2,000 na 5,000, na mshiriki awe ametimiza miaka 18. Binti yetu alipolisoma sharti hilo alicheka: angehitaji Kandambili kumi na tano kufikia kima cha chini.

Hata hivyo hesabu hiyo haikumvunja moyo, na haipaswi kumvunja yeyote. Visa arobaini vya maneno mia tatu ni maneno 12,000, na hicho ni kitabu chembamba. Vipo vitabu vya hadithi fupi vinavyokusanya waandishi wengi kwa pamoja, na mhariri wa kitabu cha namna hiyo humtazama kwa jicho jingine mtu ambaye jina lake limekwisha kutokea gazetini mara tano. Tena ufupi una mbawa. Mwezi Machi 2016 waandishi vijana wa kundi la Jalada walichapisha ngano fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kigikuyu, inayoeleza kwa nini binadamu hutembea wima. Ilitoka siku hiyo hiyo pamoja na tafsiri katika lugha zaidi ya thelathini, Kiswahili kikiwemo. Riwaya ingesubiri miaka kupata watafsiri wa kiasi hicho. Hii ilikuwa ya kukaa na kuimaliza kabla chai haijapoa.

Njia ya tatu ni kujichapishia. Hatuipingi, bali tunawaonya wazazi. Wapo wanaomwambia kijana kwamba hadithi yake "imechaguliwa" na kisha wakamtaka atume fedha ili iingie kitabuni. Gazeti la heshima halimtozi mwandishi kwa kumchapisha. Na haki ya maandishi ni ya mtunzi tangu anapoyaandika. Hivyo ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya COSOTA ndiyo inayoshughulika na mambo hayo hapa nchini. Weka nakala yenye tarehe. Binti yetu anaweka zake katika kopo la maziwa lililoisha, mahali tunapoweka vyeti vya kuzaliwa, na tumeona ni mahali panapostahili.

Kuhusu malipo, msitegemee. Magazeti mengi hayalipi kisa cha msomaji, na kijana aelezwe mapema ili asijione ameonewa. Yule mvuvi wetu alipoambiwa hilo alisema kwamba hata dagaa wa kwanza mtu huwapeleka nyumbani, hawauzi. Hatukuwa na la kuongeza.

Kandambili ilipelekwa kwa mhariri mmoja, ikakaa miezi mitatu bila jibu. Ikapelekwa kwa wa pili, akajibu kwa ujumbe wa maneno saba kwamba ni nzuri ila iongezwe mafunzo. Binti yetu alilala na huzuni siku mbili. Sisi tulishindana wenyewe kwa wenyewe kama aongeze sentensi moja ya nasaha ili ipite. Baba alisema aongeze, mama akasema asiongeze, na mwenye hadithi akasema ataipeleka kwa wa tatu kwanza.

Kabla hajaipeleka aliomba aende kuisoma kwa jirani. Tulifuatana naye, jua likiwa limekwisha kuanza kuzama. Mama yule alikuwa akianika dagaa wa mwisho. Alifuta mikono, akaketi juu ya kigoda, akamwambia binti asome polepole. Aliposikia kuhusu mkanda ulioshonwa kwa uzi wa nyavu alitikisa kichwa kidogo. Kwenye sujudi alifumba macho. Hadithi ilipokwisha alinyamaza kwa muda ambao sisi tuliuona mrefu.

"Huyo si mimi," alisema hatimaye. "Mimi sina birika. Natumia kopo."

Binti yetu akachukua kalamu. "Nibadilishe, mama? Niandike kopo?"

"Acha birika," akasema, akainuka kwenda kugeuza dagaa.